Tuligeuza nyumba ya mke wangu kuwa tanga: Mto Tana, wakati wa shifta

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani humu mko hata watatu.

Juzi mwanachama mmoja alileta uzi wa likizo yake na mkewe. Walikodi boti ya tanga, upepo ukawageuka, vifaa vikakwama, simu zikaingia maji. Akaandika wazi kwamba kosa lilikuwa la mkewe, alifunga kamba vibaya. Mkacheka sana, nami nilicheka.

Halafu nikaweka simu chini. Nikakaa mpaka chai ikapoa.

Mimi na mke wangu tulisafiri kwa tanga mara moja tu maishani. Haikuwa baharini na haikuwa likizo. Nitaeleza kama ilivyokuwa, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni mtu wa mto. Kwetu ni kando ya Tana, karibu na Garissa. Tulilima mahindi na ndizi, tukavua kidogo, na mtumbwi ndio ulikuwa miguu yetu.

Baba alifia majini nikiwa darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza shule. Nilirudi siku moja tu kuchukua kalamu yangu, nikamuaga mwalimu, basi. Mwaka uliofuata mama naye akaondoka kwa homa. Tukabaki watatu: mimi mkubwa, dada yangu Amina, na Guyo, aliyekuwa bado anajifunza kutembea.

Mama alinisisitizia jambo moja tu: tusitawanyike.

Vita vya serikali na shifta, wale wapiganaji wa msituni, vilipopamba moto, shangazi yetu aliyeolewa Hola, kule chini ya mto, akaja kuwachukua wale wadogo. Alisema ni mpaka mambo yatulie. Mimi nikabaki kulinda shamba. Nilijiambia huko si kutawanyika, ni kupumzika tu.

Mambo hayakutulia.

Katikati ya hayo nilimuoa Dahabo. Watu wake ni wafugaji. Mifugo yao iliisha katika msukosuko ule, mingine kwa ugonjwa, mingine kwa njia ambazo sitazieleza hapa, maana sitaki uzi ugeuke wa siasa. Wakakusanywa katika kijiji cha kulindwa karibu na mji, wakawa wanahesabiwa asubuhi na jioni.

Alipokuja kwangu alileta kitu kimoja tu: herio ya mama yake.

Kwa wasioijua, herio ni ile nyumba ya kuhama. Fito zinapindwa, juu yake inafungwa mikeka mizito ya nyuzi za magome. Mwanamke ndiye anayeifuma, ndiye anayeijenga, ndiye anayeibomoa na kuipakia ngamia. Ni mali yake. Mama yake Dahabo aliifuma ile mikeka kwa miaka, na wakati huo mama mwenyewe alikuwa amekwisha fariki mle kijijini.

Sasa sikilizeni.

Mwaka ule barabara zilikuwa zimeanza kutegwa mabomu. Magari yalienda kwa msafara tu, na wanajeshi mbele na nyuma. Dereva mmoja wa msafara akaniletea ujumbe kutoka kwa mume wa shangazi, kule Hola. Huyu alikuwa fundi ujenzi, mtu wa pwani. Shangazi alikuwa amefariki, na yeye alikuwa amechoka.

Ujumbe ulikuwa hivi: "Nitaondoka na msafara wa kwanza baada ya Idi, alfajiri ya kesho yake. Njoo uwachukue wadogo zako kabla. Usipokuja nitakwenda nao, siwezi kuwaacha peke yao hapa."

Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke.

Nilimjibu kwa dereva yuleyule: "Mwambie Guyo nitafika kabla ya Idi."

Guyo alikuwa na miaka sita. Mtoto wa miaka sita ukimwambia kabla ya Idi, anahesabu.

Kwenye msafara hawakunikubali. Nilikwenda ofisini mara tatu. Mara ya tatu karani mmoja, mtu wa bara, akanionea huruma akanipatia barua ya ruhusa ya kushuka kwa mto. Akasema, "Lakini nenda na mkeo. Mwanamume peke yake mtoni anapigwa risasi kabla ya kuulizwa jina."

Dahabo hakuwahi kupanda mtumbwi. Aliyaogopa maji kama mimi ninavyomwogopa ngamia dume. Nilipomwambia, alinitazama akasema, "Ninyahow," maana yake wewe mwanaume, na hakuniita hivyo ila akikasirika. "Ninyahow, mdogo wako ni wangu pia. Funga mizigo."

Tulikuwa katikati ya Ramadhani. Mto ulikuwa umeanza kupungua, maji yanakwenda polepole, michanga inajitokeza. Nikapiga hesabu: kwa kafi na upondo, tutafika siku moja kabla ya Idi, kama hakuna kitakachotukwamisha. Hesabu hiyo haikunipa usingizi.

Dahabo ndiye aliyeleta wazo. Upepo wa kaskazi ulikuwa unavuma kila alasiri, unatoka nyuma yetu kuelekea chini. Akasema, "Upepo huu kila siku unajaribu kunibebea nyumba. Basi na uibebe."

Watu wa mto wetu hatutumii tanga. Mto una kona nyingi na msitu wa kando unazuia upepo. Mimi tanga nilikuwa nimeliona kwenye kitabu cha darasa la nne tu. Lakini nilichonga mlingoti kwa mti mwembamba, nikatoboa ubao wa kukalia katikati ya mtumbwi, nikaupitisha hapo, chini yake ukakaa kwenye tumbo la mtumbwi. Dahabo akachagua mikeka miwili iliyo myepesi, akaiunganisha, akaifunga.

Akaifunga kwa fundo analolijua.

Hapa ndipo pana kosa letu, wakuu, na ni kosa ambalo wangeweza kulifanya watu wawili tu, mtu wa mto asiyejua tanga na mwanamke wa herio asiyejua mto. Fundo la herio limetengenezwa ili upepo ukivuta, lizidi kukaza. Nyumba haitakiwi kuondoka na vumbi. Kulifungua unahitaji kijiti chenye ncha, utulivu, na kamba iliyolegea. Sikuuliza. Nilivuta nikaona limeshika, nikamsifu.

Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda vizuri, siwezi kusema uongo. Asubuhi kafi, alasiri tanga. Pale mto uliponyooka, mikeka ilijaa upepo na mtumbwi ukakimbia kiasi cha kusikia maji yanalia chini. Dahabo alikaa mbele ameshika ubao kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Siku ya tatu akayafumbua.

Akasema, "Mama angeona."

Mimi nilikula kwa ruhusa ya msafiri. Yeye alifunga.

Siku hiyo ya tatu tulisimamishwa na askari wawili wa kituo kidogo ukingoni, wote watu wa bara. Mmoja alishusha bunduki kwa mshangao.

"Yesu wangu! Leo nimeona nyumba inaogelea."

Mwenzake akasema, "Muulize kama ina jikoni."

Dahabo akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Jikoni iko, bwana askari. Leo imefunga. Ni Ramadhani."

"Na nani anaendesha?"

"Ubebo nasukuma. Mimi nakaa tu."

Wakacheka sana. Barua wakaisoma mara mbili. Kisha yule wa kwanza, bado anacheka, akachoma mikeka kwa kisu cha bunduki, hapa na hapa na hapa, kuangalia kama tumeficha kitu. Dahabo alihesabu matundu kwa midomo bila kutoa sauti. Tuliporuhusiwa kwenda, alitoa sindano yake akaanza kushona palepale mtumbwini.

Kesho yake ndiyo siku yenyewe.

Kila kona ya mto ule, mpaka mbali sana, naijua. Kuna sehemu mto unanyooka na msitu mkubwa upande wa kushoto, mikoche na mikuyu, giza hata mchana. Upepo haufiki pale. Nilipanga tukifika tupumzike kivulini.

Tulipokata kona, msitu haukuwepo.

Ulikuwa umefyekwa wote, mpaka ardhi, ili wapiganaji wasipate pa kujificha. Vilibaki visiki vyeusi na uwanja mtupu wa vumbi. Na katika uwanja ule upepo ulikuwa unakuja bila cha kuuzuia, umebeba mchanga, mwekundu, kama ukuta unaotembea.

Nikapiga kelele kwa lugha yake, "Naa Dahabo, fungua! Fungua tanga!"

Upepo ukatupiga ubavuni. Mtumbwi ukalala upande. Dahabo alikuwa na fundo mkononi, anavuta, na kadiri upepo ulivyovuta, fundo likakaza. Maji yakaanza kuingia. Nikachukua panga.

Hapa nitasimama kidogo.

Kwa miaka mingi nilipoeleza kisa hiki nilisema hivi: "Fundo lilikataa, nikakata kamba, lakini nilikuwa nimechelewa." Watu waliniamini, na kwa sehemu ni kweli.

Tuendelee. Nilikata. Mikeka ikaruka ikaangukia majini, mmoja tuliuokota, mwingine ulizama na sikuuona tena. Mtumbwi ukainuka. Lakini mlingoti ulikuwa umekwisha fanya kazi yake. Ulipolala ulisukuma tumbo la mtumbwi kama mtaimbo, ukapasua ufa mrefu kama mkono wangu. Kafi moja ilikwenda na maji.

Tulifika ukingoni tukiwa tumekaa ndani ya maji mpaka kiunoni.

Dahabo hakulia. Alikaa kwenye mchanga akakamua ule mkeka mmoja, akaukunjua, akaukamua tena.

Kwa kawaida mtumbwi uliopasuka hivyo tunauacha. Lakini kuacha kulikuwa kumwacha Guyo. Nikatoboa matundu kando ya ufa kwa ncha ya panga niliyoichoma moto. Dahabo akafumua kamba za ule mkeka uliobaki, akashona ule ufa, kushona kabisa, kama anavyoshona chombo cha maziwa. Wafugaji hufuma vyombo visivyovuja hata tone. Akasaga mkaa, akachanganya na utomvu wa miti na mafuta ya ngamia tuliyobeba kwa chakula, akakandika. Ilibidi ikauke. Upepo ukaleta mchanga ukagandia dawa, akakwangua akaanza upya.

Kazi hiyo ilitugharimu siku mbili na nusu.

Tukaendelea kwa kafi moja na upondo. Yeye anakumba maji kwa kibuyu, mimi napiga kafi. Tulibadilishana mpaka mikono yake ikatoka malengelenge yakapasuka. Nilikuwa napiga hesabu upya kichwani kila kona: Ramadhani ikiwa ya siku thelathini, tutafika siku ya Idi yenyewe, msafara unaondoka kesho yake. Nilikuwa nimemwambia mtoto kabla ya Idi. Basi, nitamwomba msamaha nikiwa nimemshika mkono.

Jioni ya siku ya ishirini na tisa, jua lilipozama, Dahabo aliacha kukumba maji. Alikuwa anatazama magharibi juu ya miti.

"Usitazame," akaniambia.

Nikatazama. Mwezi ulikuwa pale, mwembamba kama ukucha.

Tangu nizaliwe niliuona mwezi wa Idi kwa furaha. Sisi watoto tulikuwa tunaukimbilia. Siku ile niliuona nikataka kuurudisha kwa mikono. Idi ilikuwa kesho, si kesho kutwa. Na msafara ulikuwa kesho kutwa alfajiri.

Siku ya Idi tulisikia takbira kutoka kijiji kimoja ukingoni. Hatukusimama. Watu walitupungia mkono tuje watupe chakula, nasi tukapita kama wagonjwa wa akili.

Tulifika Hola kesho yake saa nne asubuhi.

Amina alikuwa amekaa ukingoni, juu ya mzigo wake. Miaka kumi na mmoja. Hakusimama aliponiona.

"Guyo yuko wapi?"

"Wameondoka saa moja."

Alikuwa amejificha kwenye shamba la ndizi walipokuwa wanapakia. Fundi alimtafuta, akamwita, lakini msafara haumsubiri mtu, naye akamwachia jirani neno la kumtunza. Guyo alikuwa hataki kupanda. Amina alinieleza kwamba aliingia lori kwa sababu walimwambia mimi nipo mbele njiani.

Muda wa saa tatu tu, wakuu. Tulichelewa saa tatu.

Niliomba kuwafuata na msafara uliofuata, nikakataliwa, na barua yangu ilikuwa ya mto tu. Lori zilifika pwani salama, hilo tulijua baadaye. Lakini fundi alihamahama kufuata kazi, hatukuwa na anwani, na tulipokuja kuwa na uhuru wa kutembea, nyayo zilikuwa zimefutika. Tulipanda mto tukarudi na Amina. Dahabo hakujenga herio tena. Hakuwa na mikeka ya kutosha.

Guyo tulimpata baada ya miaka zaidi ya ishirini. Amina alimsikia kupitia mtu wa soko. Alikuwa fundi ujenzi kama yule aliyemlea, anaitwa kwa jina la yule aliyemlea, Kiswahili chake cha pwani kitupu. Alikubali kuja Garissa mara moja.

Alikula nasi. Alikuwa na adabu, na adabu ile iliniumiza kuliko matusi. Aliniita "bwana mkubwa", si kaka.

Baada ya chai akauliza, bila kunitazama, "Nilihesabu vidole mpaka Idi. Ilikuwaje?"

Nikasema, "Upepo."

Akatabasamu. "Upepo."

"Na fundo. Fundo lilikataa kufunguka."

"Bwana mkubwa, mimi nafunga kamba za majukwaa kila siku. Hakuna fundo lisilofunguka."

Dahabo alinyanyuka akaingia ndani. Alitoka na kamba ya magome, ile ile iliyobaki, akaizungusha kwenye nguzo ya ua, akafunga, akavuta kwa uzito wake wote. Akamwambia, "Fungua."

Guyo akajaribu. Mikono yake ilikuwa migumu kama jiwe, mikono ya fundi. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno. Jasho likamtoka. Amina alitaka kucheka, akaacha. Mwishoni Guyo akatoa kisu mfukoni, akakifungua.

Dahabo akamshika mkono wenye kisu. Kwa nguvu. Akamshikilia hivyo.

"Hivi," akasema. "Nilimshika kaka yako hivi. Alitaka kukata, nikasema usikate, ni ya mama. Hesabu moja, mbili, tatu. Ndipo mtumbwi ukapasuka. Si upepo, Guyo. Kaka yako amenifichia kosa hili miaka yote hii, wala sikumwomba anifichie."

Kuku alipita katikati yetu.

Guyo alitazama ule mkono juu ya mkono wake. Kisha akakunja kisu taratibu, akauliza, "Ilikuwa ya mama yako?"

"Ndiyo."

"Mimi mama yangu simkumbuki hata sura."

Hakusema amesamehe. Alikaa siku mbili, akarudi kwake pwani. Siku ya kuondoka niliona nguzo iko wazi. Alikuwa ameichomoa kamba kwa juu ya nguzo, fundo likiwa bado limefungwa, akaenda nayo.

Alirudi mara moja tu tangu hapo, siku tulipomzika Dahabo. Alisimama kaburini upande wangu. Akaniita kaka, mara moja, aliponiomba nisogee apate kushika jembe.

Nilichojifunza? Nimefikiri sana kabla ya kuandika. Kwanza, chombo chochote kipya, kabla ya kukisifu jinsi kinavyoshika, uliza kinavyoachia. Pili, mtoto usimpe siku. Mpe neno tu kwamba unakuja. Siku zina mwezi wake na upepo wake.

Na lile la kumfichia mke wangu kosa, sijui hata leo kama lilikuwa jema. Wenye maoni waseme, sitakasirika. Na kama humu yuko aliyetenganishwa na ndugu kwenye misafara ya wakati ule, hata kama ni mjukuu aliyesimuliwa tu, tafadhali aandike hapa chini. Nasoma kila jibu, ingawa miwani yangu inanichelewesha.

La mwisho ni kwa yule mkuu wa likizo. Ile sentensi uliyoandika kuhusu mkeo na kamba, naomba uihariri. Mfuate umuulize alikuwa ameshikilia nini.